Visikizi vya Opareta

Mlango wake aliujibu kama simu. Ukibisha, kabla hujasikia hatua zake sakafuni, sauti ilitoka ndani ikiuliza, "Nani yuko kwenye laini?" Nawe ulitakiwa kutaja jina lako kwanza, kisha shida yako, ndipo komeo livutwe. Nilipohamia mtaa wa Kaloleni, Nairobi, nilidhani ni mzaha. Nikajibu kwamba ni mimi, jirani. Komeo halikuvutwa. Nikabisha tena.

"Majirani ni wengi," akasema. "Jina."

Alikuwa amefanya kazi ya kuunganisha simu katika ofisi za reli, enzi ambazo mtu wa Nairobi hakuweza kuongea na mtu wa Mombasa bila mwanamke mmoja kuwa katikati yao na plagi mkononi. Ule ubao wa plagi ulikwisha kutupwa zamani, lakini mtaa mzima ulimwita Opareta. Vijana wakipita walimwambia, "Niaje, Opareta," naye akawajibu, "Niko kazini," hata kama ameketi barazani akichambua maharagwe. Neno shosho, yaani nyanya, alilikataa kabisa. Aliyemwita hivyo aliulizwa yeye ni mtoto wa yupi kati ya watoto wake, na akikosa jibu alitakiwa kuanza salamu upya.

Sikuwahi kumwona akienda haraka. Hata mvua ilipomkuta njiani alitembea kwa mwendo wake uleule, akafika ametota, akasema mvua si bosi wake. Kila asubuhi alivaa kana kwamba anakwenda ofisini, sketi ya pasi na blauzi iliyofungwa hadi shingoni, na baada ya chai alitoa kiti nje akakaa hapo akiangalia nani amepita na nani hajapita. Alipenda chai nzito isiyo na sukari, na mtu akimwekea sukari kwa ukarimu aliirudisha bila aibu. Alikuwa mgumu. Nasema hivyo nikiwa nampenda.

Masikio yalikuwa yameanza kumwishia nguvu kabla sijamjua. Hakukiri. Alisema watu wa siku hizi hawafungui midomo, wanaongea kama waliopigwa sindano ya jino. Kanisani alianza kuimba ubeti ambao wenzake walikuwa wamekwisha kuumaliza, na aliimba kwa sauti hata kwaya ikabidi imfuate. Mwanawe wa kiume, anayeishi mtaa wa Fedha na mkewe, alimpeleka kupimwa, akamnunulia kifaa cha kusaidia kusikia, kile kinachoninginia nyuma ya sikio. Alikivaa Jumapili moja tu. Jumatatu alikifunga kwenye kitambaa, akakirudisha Fedha mwenyewe.

Nilimuuliza sababu. Aliniambia kwamba siku hiyo nzima hakuna mtu aliyezungumza naye. Walizungumza na mwanawe. Mama amekula? Mama anasikia baridi? Mama angependa kukaa wapi?

"Kile kitu kinatangaza mimi ni mgonjwa kabla sijafungua mdomo," akasema. "Sasa kikae huko, kisaidie wagonjwa."

Mimi kazi yangu ni ya kompyuta. Nyumbani kwangu, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na kabati, nasikiliza rekodi za watu wakizungumza na kuyaandika wanayosema. Kwa hiyo masaa mengi ya mchana huwa nimetia masikioni visikizi, vile vidude viwili visivyo na waya ambavyo vijana huviita pods. Siku moja Opareta alisimama dirishani kwangu akanisalimu na sikumjibu. Akasalimu tena. Mwishowe akaingia, akaweka kiganja chake juu ya kompyuta, akaniuliza kama siku hizi salamu zinalipiwa.

Nilitoa kisikizi kimoja nimwonyeshe kwa nini sikumsikia. Akakichukua, akakigeuza, kisha bila kuniomba akakitia sikioni mwake. Kwenye rekodi mwanamke fulani alikuwa akieleza jinsi anavyofuga nyuki. Uso wa Opareta ulibadilika. Aliketi kitandani pangu polepole, akasikiliza habari za nyuki hadi mwisho, na alipokitoa macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa alinikataza kuyatazama.

"Nimemsikia hata akimeza mate," akasema.

Wiki hiyohiyo alikwenda mjini akarudi na vyake, vyeupe, ndani ya kikasha kidogo mfano wa yai lililobanwa. Sikuwa nimemwambia, na yeye hakuwa ameuliza, kwamba visikizi vya namna hiyo vinahitaji simu inayoweza kuzungumza navyo. Simu yake ilikuwa ya vibonye. Tulivijaribu kwenye kompyuta yangu ili tu tujue kama vinafanya kazi. Nilibonyeza kitufe cha kikasha hadi taa ikaanza kupepesa, nikafungua bluetooth, na pale kwenye kioo yakatokea majina ya vifaa vyote vya majirani waliotuzunguka: redio ya fulani, televisheni ya fulani, kimoja kilichoitwa Wacha Kuchungulia. Opareta aliyasoma yote kwa furaha ya mtu aliyerudi kazini. Aliponiona nimegusa jina la visikizi vyake na neno "imeunganishwa" likatokea, alitikisa kichwa.

"Basi mmeifanya ndogo tu," akasema. "Kazi ni ileile."

Mwanawe alipoona ameamua, alimletea simu aliyokuwa ameacha kuitumia, ya kugusa kioo. Humo tulipata mpangilio ambao sikuwahi kuujua: simu yenyewe inageuka kuwa sikio. Unaiweka karibu na mtu anayeongea, wewe unakaa mbali, na maneno yake yanakujia masikioni. Tuliijaribu kwa kuiacha jikoni kwake huku yeye akiwa barazani. Nilisimama kando ya jiko nikasema kwa sauti ya chini kwamba sufuria yake imeungua.

"Haijaungua," akajibu kutoka nje. "Iko hivyo."

Tatizo likawa kompyuta yangu. Visikizi vilikuwa vimeizoea, na ukuta kati yetu haukuwa kitu kwavyo. Alipofungua kikasha chake, mara nyingi vilikimbilia kwangu badala ya simu yake. Yeye akasikia watu wangu wa rekodi, nami nikabaki na ukimya. Mara moja nilikuwa kwenye mkutano na msimamizi wangu, mtu wa nchi nyingine ambaye sijawahi kukutana naye ana kwa ana, na katikati ya maelezo yake akanyamaza akaniuliza ni nani anayebishana juu ya sukuma wiki. Maikrofoni ilikuwa imehamia masikioni mwa Opareta, naye alikuwa mlangoni akimwambia muuza mboga kwamba majani yale yana umri mkubwa kuliko yeye.

Nilikwenda kwake nikiwa nimekasirika. Hakuomba msamaha. Aliuliza vinaondolewaje. Nikamwonyesha: unaingia kwenye kompyuta, unatafuta jina lake, unaiamuru ivisahau. Kisha unarudi kwenye simu, unabonyeza kikasha mpaka taa ipepese, unaanza upya. Aliyafanya mwenyewe, akisema kila hatua kwa sauti, kidole kimoja hewani kama mtu anayesubiri laini itulie. Baadaye akataka kuvipa jina ili visije vikapotelea kwa mwingine tena. Nilipendekeza jina lake. Akakataa. Akaandika, kwa herufi kubwa, SI VYAKO. Vijana wa mtaa wangeandika "sio zako", nikamwambia. Akasema visikizi vyake vina ngeli.

Tangu siku hiyo, kila aliyefungua bluetooth karibu na nyumba zetu aliyakuta maneno hayo yakimngoja.

Kanisani ndiko vita vilikoanza. Mchungaji, mtu mpole kwa kawaida, alimwona mwanamke wa umri ule amekaa nyuma na vitu vyeupe masikioni, akadhani anasikiliza muziki. Akatangaza kutoka mimbarini kwamba wenye kutia vitu masikioni wavitoe, hapa si disko. Watu waligeuka. Opareta hakuvitoa. Aliinuka, akatembea kwa mwendo wake hadi mbele, akaweka simu yake juu ya mimbari karibu na Biblia, akarudi kukaa. Kisha akamwambia mchungaji aendelee, kwani yeye sasa anamsikia vizuri kuliko wote. Baada ya hapo simu hiyo ikawa na nafasi yake kila Jumapili, na nadhani mchungaji alianza kutayarisha mahubiri yake kwa uangalifu zaidi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitusisitizia ukweli sisi sote, lakini mwanawe alimpigia simu kila jioni na kila jioni alidanganywa kwamba mama yake amekula vizuri, magoti hayaumi, na ngazi ya kanisa anaipanda bila kushika ukuta. Alilaani umbea, na papo hapo akakusimulia, bila kutaja jina, habari ya karani mmoja wa reli aliyekuwa akimpigia mwanamke wa Nakuru kila Ijumaa na kusoma bei za mahindi mpaka mume aondoke chumbani. Nikimwuliza alijuaje, alikunja uso. Opareta hasikilizi, alisema. Anaunganisha, anatoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria.

Mkutano wa ukumbini uliitishwa wakati wa kiangazi. Kwa muda mrefu kulikuwa na maneno kwamba nyumba zetu zitabomolewa zijengwe ghorofa, na sasa kampuni ya ujenzi ilikuwa imetuma watu wake waje watuelezee. Sitaficha kwamba mimi nilizitaka hizo ghorofa. Nilikuwa nimechoka kupanga foleni ya bafu. Nilimwambia Opareta hivyo tukiwa njiani kuelekea ukumbini.

"Taka," akasema. "Kutaka si kosa. Uliza tu kama wanataka urudi."

Viti vya mbele vilikuwa vya wageni. Wazee walipangwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa heshima, tuliambiwa, ili wapate hewa. Opareta alikwenda mbele kwanza. Aliweka simu yake mezani kati ya chupa za maji, kioo kikiwa kinawaka, akamwambia mwenyekiti wa kamati ya wakazi kwamba ni sikio lake, kisha akaja kukaa kando yangu. Mwenyekiti alicheka akasema karibu, Mama.

Wageni walieleza vizuri. Tungehama kwa muda, tungepewa vyumba vipya, kila mmoja angerudi. Mmoja wao alikuwa bado amesimama na maikrofoni, akionyesha michoro ukutani, wakati nilipoona Opareta ameacha kuangalia michoro. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake ulikuja ukanishika kifundo cha mkono, ukabana.

Kisha akasimama.

"Mwenyekiti," akasema, na ile ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi Mombasa, "yale uliyomwambia mgeni sasa hivi pembeni, yarudie kwenye maikrofoni."

Mgeni mwenye michoro akashusha maikrofoni. Mwenyekiti akauliza yapi.

"Kwamba sisi wazee tusiwatie wasiwasi. Kwamba ghorofa zikimalizika, wengi wetu hatutakuwepo wa kudai."

Ukumbi ulinguruma, kisha ukatulia. Mwenyekiti alitabasamu. Alisema kwa upole mwingi kwamba Mama amesikia vibaya, na sote tunajua masikio ya Mama. Watu kadhaa walicheka. Hata mimi, ambaye niliyajua masikio yale kuliko wote, nilijiuliza.

Opareta hakubishana. Alivitoa visikizi vyote viwili, akavifuta kwa leso, akamgeukia mzee aliyekaa upande wake wa pili, fundi mstaafu wa karakana ya reli, mtu ambaye hakuwa rafiki yake na aliyekuwa amekwisha kutangaza kwamba anaunga mkono ujenzi. Akamwomba avivae. Mzee akasita, akavivaa. Sasa Opareta hakuweza kusikia karibu chochote, na alisimama pale akiwaangalia watu wa mbele.

"Nong'ona," akamwambia mwenyekiti. "Neno lolote. Hata jina lako. Huyu mzee ataturudishia."

Mwenyekiti alitazama ile simu kati ya chupa za maji. Hakuna aliyekuwa akicheka. Mgeni aliyekuwa kando yake alisogeza kiti nyuma kidogo, na tulimwona mwenyekiti akifungua mdomo, halafu akaufunga.

"Asemaje?" mtu mmoja akamuuliza fundi.

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama vile Opareta alivyokuwa amefanya. "Hasemi," akajibu. "Namsikia anavyopumua."

Mkutano uliisha hapo, ingawa uliendelea kwa kelele muda mrefu. Ilipofika wakati wa kuinua mikono kukubali, mikono haikuinuka. Wageni walikunja michoro yao. Opareta alikwenda mbele, akachukua simu yake, akamtakia mwenyekiti mchana mwema.

Haikuwa kwamba mtaa ulimbeba mabegani. Waliozitaka ghorofa kwa dhati, na walikuwa wengi wenye sababu nzuri, waliacha kumsalimu. Kamati ilimwita kwa kosa la kusikiliza mazungumzo ya faragha, ikataka aombe radhi mbele ya wakazi. Alikwenda na sketi yake ya pasi. Aliwaambia kwamba simu ilikuwa mezani, inawaka, na alikuwa ameitaja kwa mdomo wake. Kama waliisahau kwa sababu ni ya mwanamke mzee, hilo ni lao. Radhi hakuomba. Mwanawe alikuja kutoka Fedha akamsihi ahamie kwake mpaka mambo yapoe, na alimjibu kwamba mambo yakitaka kupoa yatapoa yeye akiwa kwake.

Mazungumzo ya ujenzi yalianza tena baadaye, kwa namna nyingine, na safari hii wazee wawili wakiwa wamekaa mezani pamoja na kamati. Fundi alikuwa mmoja wao. Mpaka leo ninapoandika, nyumba bado zimesimama, foleni ya bafu bado ipo, na sijui itaishaje. Najua tu kwamba swali la nani atarudi sasa huulizwa kwanza, na huulizwa kwa sauti.

Siku chache baada ya ule mkutano nilimkumbusha sheria yake. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba opareta hasikilizi.

"Hasikilizi watu wakiongea mambo yao," akasema. "Wale walikuwa wakiongea mambo yangu."

Mwaka uliofuata mimi nilihama. Kazi ilikuwa imeongezeka, nikapata chumba chenye bafu lake katika mtaa wa Lucky Summer. Tulipigiana simu mwanzoni, kisha ikawa vigumu, kwa sababu hata visikizi vilikuwa havitoshi tena. Sauti zilimfikia lakini hazikuwa maneno. Mwanawe ndiye aliyeniambia hivyo, na aliniambia kwa huzuni, kana kwamba mama yake amekwenda mahali.

Kwa hiyo nilishtuka nilipomwona, mchana wa Jumamosi moja, akija taratibu kando ya barabara si mbali na kwangu, blauzi imefungwa hadi shingoni. Nilimkimbilia. Masikioni hamkuwa na kitu. Alinishika mikono yote miwili, akaniangalia mdomo nilipoongea, na nilipoona hanipati nilitoa simu yangu nimwandikie. Niliandika kwamba nyumbani nina visikizi vipya, vya nguvu zaidi, twende tuviunganishe na simu yake sasa hivi. Akasoma. Akanirudishia simu.

"Vilifanya kazi yao," akasema, kwa sauti kubwa kiasi kwamba muuza viatu mmoja aligeuka. "Sasa nimepata kazi nyingine."

Alinieleza palepale njiani. Kulikuwa na kanisa dogo karibu ambako viziwi hukutana kila Jumamosi na kufundisha lugha ya ishara kwa yeyote anayetaka. Alikuwa akija kutoka Kaloleni peke yake. Mwanawe hakujua, na asiambiwe. Darasani yeye ndiye mkubwa kuliko wote na vidole vyake ni vizito, lakini huko hakuna anayempigia kelele, na hakuna anayeongea na mtu mwingine juu yake, kwa sababu ni lazima wamtazame yeye. Alisema mwalimu wake, binti mdogo ambaye hajasikia tangu azaliwe, alikuwa ameanza na salamu. Habari ya asubuhi, asante, karibu. Opareta alimsimamisha. Salamu zingengoja. Alitaka afundishwe kwanza kusema hapana.

Akaniwekea mkoba wake mkononi, akanyanyua mkono, akanionyesha. Kisha akaniambia nifanye.

Nilitazama huku na huku. Watu walikuwa wakipita, na muuza viatu alikuwa amesimama kabisa. Nikainua mkono wangu nikaigiza.

Alinitazama vidole, halafu uso, akatikisa kichwa.

"Hiyo uliyosema ni labda," akasema. "Rudia."

Nikarudia.